Kinanda Kimekufa, Mimi Bado

Siku tuliyomzika Mama, watu walisimama mmoja mmoja mbele ya ukumbi wakasema alikuwa mpole. Mmoja alisema hajawahi kumsikia akipandisha sauti. Mama, ambaye kazi yake ya maisha yote ilikuwa kupandisha sauti! Nilimgeukia dada yangu, nikamkuta anatazama viatu vyake. Ndiyo maana naandika. Sina elimu kubwa, niliishia sekondari, lakini nataka Mama abaki mahali fulani kama alivyokuwa, kwa sababu huyo mpole waliyemzika mimi simjui.

Mama alikuwa mwimbaji. Waliompenda walimwita Kengele. Alituzaa wawili tu. Dada anapiga piano kwenye chumba cha kulia cha hoteli moja kubwa, na mimi nipo hotelini humohumo, chini kabisa, chumba cha kufulia, napiga pasi mashuka. Mama alipenda kuwaambia wageni wake: "Mungu kanipa wapigaji wawili. Huyu anapiga kinanda, huyu anapiga pasi. Afadhali wa pasi, akimaliza kelele zake unapata shuka la kulalia."

Wageni walicheka. Sisi pia tulicheka. Kwetu usipocheka ulikuwa umejichongea.

Sasa nieleze kuhusu piano, maana bila hilo hadithi haitaeleweka. Piano ina ugonjwa mmoja ambao mpigaji hawezi kuutibu: ukishagonga kibao, sauti inaanza kufa papo hapo. Kanyaga pedali, omba, lia, itafifia tu. Sauti ya mtu si hivyo. Inaendelea maadamu pumzi ipo. Mama alilijua hilo, akaligeuza mchezo wa jukwaani.

Dada alianza kumpigia akiwa bado anavaa sare ya shule. Kila onyesho liliisha kwa wimbo uleule, wa Mama mwenyewe, na kila mara Mama alishikilia noti ya mwisho. Dada aligonga ya kwake, ikafifia, ikaisha, na Mama bado yuko juu peke yake, amenyoosha mkono. Hapo ndipo alipoisogelea piano bila kuacha kuimba, akaigonga mgongoni kama anayebisha hodi, akatega sikio. Kisha akawageukia watu: "Jamani, kinanda kimekufa. Mimi bado!" Ukumbi ulipasuka kwa vicheko. Naye akamalizia kwa kufunga kifuniko cha piano, pu, kama anayefunga jeneza, na Dada alitakiwa awe ameshatoa vidole.

Siku moja hakuwahi. Watu walidhani ile sauti aliyoitoa ni sehemu ya mchezo, wakapiga makofi zaidi. Kidole chake cha pete, mkono wa kulia, kilipona kimepinda kuelekea kidole kidogo. Njiani tukirudi Mama alimwambia, "Mwenzio akiimba noti ya mwisho wewe unaota nini?" Akamnunulia soda. Onyesho lililofuata Dada alipiga kwa vidole vilivyobaki, na kifuniko kikafungwa vilevile.

Mapafu ya Mama yalipoanza kumgomea nilimchukua kwangu. Naishi ghorofa ya nne, vyumba viwili, na ngazi ni nyembamba kiasi kwamba hata godoro lake tulilipitisha kwa kulikunja na kulifunga kamba. Nilimpa chumba chenye dirisha, mimi nikalala kwenye kochi. Muuguzi aliyekuwa anakuja kumtazama alikuwa mwanamke mchangamfu, asiyeogopa wagonjwa wakali.

"Bibi," alimwambia, "uwe unaimba kidogo kila siku. Vinyimbo vifupi, mapafu yanyooke. Ila usijikaze."

"Niimbe kavukavu kama muuza mboga?"

"Hata kavu ni dawa."

"Basi kunywa wewe."

Jioni Dada alipokuja na supu, Mama alikuwa ameshalifikiria jambo hilo mchana kutwa. Hakumwitikia salamu.

"Wewe. Una mama anayekufa na huna cha kumpigia?"

"Piano haiwezi kupanda huku, Mama. Hata mlangoni haipiti."

"Nani kataja piano? Mpiga tarumbeta anatembea na tarumbeta yake. Mpiga ngoma anabeba ngoma yake. Wewe umri wote huo unakwenda mikono mitupu kama mgeni, unapiga ulichokikuta. Wakikuondoa hotelini kesho utakuwa nani? Utakuwa mwanamke mwenye vidole." Akavuta pumzi, ikachukua muda kufika. "Tena si vyote vizima."

Dada alimimina supu kwenye bakuli.

"Tafuta ala unayoweza kuipandisha hizo ngazi kwa mkono mmoja," Mama akasema, "wa pili ubebe supu yangu. Wewe utapiga, mimi nitaimba. Na mwisho wake unaujua."

"Naujua, Mama."

Kwanza alikuja na kinanda cha umeme, cha kuazima, chembamba kama ubao wa kukatia nyama. Mama hakumruhusu hata kukichomeka ukutani. "Redio yenye meno hiyo," akasema. "Itoe."

Halafu alikuja na gitaa, aliloliazima kwa mhudumu mmoja wa hotelini. Kumbe lilikuwa limetoka kwenye mpangilio kwa kugongwagongwa ngazini. Dada alipiga nyuzi mara moja, uso ukamkunjamana kama mtu aliyeuma ndimu. Sikio lake lilijua kila uzi umekosea kiasi gani. Mkono ndio haukujua la kufanya. Maisha yake yote piano ilikuwa ikiharibika anaitwa fundi, fundi anakuja na mkoba wake, Dada anaenda kunywa chai hadi aambiwe tayari. Alizungusha kifundo kimoja cha kukazia nyuzi, uzi ukalia kama paka. Akanitazama, na kwa kweli nadhani alitaka nimwite mtu.

Mama alifurahi kama sijui nini. "Muone bosi! Anasubiri mafundi waje!" Akamwita hata muuguzi, aliyekuwa ananawa mikono, aje ashuhudie. "Hajawahi kutengeneza ala yake hata siku moja. Ni kama mtu mzima asiyejua kufunga kamba za viatu." Muuguzi alicheka kidogo, kisha akaona uso wa Dada, akarudi kunawa mikono iliyokuwa imeshatakata.

Basi mimi nikazungusha vifundo, yeye akisikiliza na kuniambia juu kidogo, chini kidogo, tukaliweka sawa kiasi. Mama akaimba ubeti mmoja. Mwishoni akashikilia noti, si ndefu, pumzi haikuwepo, lakini gitaa lilikuwa limekwisha zamani.

"Hiki nacho," akasema akihema, "kimekufa kabla sijafumba macho. Kirudishe kwa mwenyewe."

Siku ya mapumziko Dada aliniambia nimsindikize dukani kwa Fundi Kamba. Huyu ni mzee anayeuza na kukarabati ala, na jina hilo alipewa kwa sababu shingoni hakosi uzi wa gitaa kama fundi cherehani na futi yake. Duka lake limejaa mpaka unaingia ubavu.

"Aha, mama wa hotelini!" akasema alipomwona Dada. "Nikusaidie nini?"

"Nataka ala ya kubeba."

"Mpiga piano akitaka ala ya kubeba ujue kaachika. Nani kakufukuza?"

"Bado hawajanifukuza. Nionyeshe."

Akamtolea kwanza kile kinanda kidogo cha kupuliza, chenye vibao kama vya piano na mrija wa kutia mdomoni. "Hiki kitakufaa. Mkono wa kulia unajua njia tayari." Dada alibonyeza kibao kimoja, akapuliza, akafumba macho. Aliendelea mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Sauti ikakatika.

"Kinaisha na pumzi yangu," akasema, akakiweka chini.

"Sasa ulitaka kiishe na ya nani?"

Akampa kinanda cha mdomo. Noti moja, akakirudisha. Akampa fidla. Dada akavuta upinde polepole kwenye uzi mmoja, kutoka mwanzo wake hadi ncha, akasikiliza. Nilimwona anapenda kitu fulani pale. Lakini akatikisa kichwa. "Hapa vidole havina alama ya kusimama. Nitahitaji miaka. Sina miaka."

Mwisho Fundi Kamba akapanda kwenye kiti, akashusha kodiani. Ilikuwa ndogo, nyekundu, mkanda mmoja umeshonwa upya. Alimvisha kifuani. Upande wa kulia vibao vya piano, upande wa kushoto vifungo vya besi, na katikati ule mvukuto unaokunjuka na kukunjika, unaovuta hewa na kuitoa. Dada hakugusa vifungo. Alibonyeza kibao kimoja kwa kidole kilichopinda na kuanza kuvuta. Alivuta mpaka mkono wa kushoto ukafika mwisho, kisha sauti ikakoroma, ikakatika.

"Ikifika hapa?"

"Unageuza. Ulikuwa unavuta, unaanza kusukuma."

"Imekatika."

"Kwako. Kwa anayejua haikatiki. Kulikuwa na mzee anakuja hapa kuzijaribu, anashika noti moja, mimi natoka kwenda kununua sigara, narudi namkuta nayo."

"Ileile?"

"Ileile."

Dada alibaki amekumbatia kile kitu. Fundi Kamba akanikonyeza. "Huyu dada yako vipi? Watu huja hapa wanajaribu kwa wimbo. Yeye tangu ameingia ni noti moja, noti moja. Ananunua ala au ananunua honi?"

"Nachukua hii," Dada akasema.

Nilidhani amechagua kwa sababu ya vibao. Ndivyo nilivyomwambia Mama tulipofika nyumbani: amepata kodiani, ina vibao kama vya piano. Mama akaguna, "Hajui kitu kingine," akadai ageuziwe mto.

Dada alifanyia mazoezi chini kwetu, kwenye chumba cha kufulia, kabla ya zamu yake ya chumba cha kulia. Alikaa juu ya kapu la taulo lililopinduliwa, mvuke umemzunguka, akiwa amekwisha kuvaa gauni lake jeusi la kazini. Wimbo wa Mama aliuweza haraka. Vifungo vya besi alijifunza vitatu, akasema vinatosha. Kilichobaki kilikuwa kugeuza.

"Umesikia nilipogeuza?" aliniuliza.

"Nimesikia. Kama mtu kameza mate."

Tena. "Umesikia?"

"Nimesikia. Kama kwikwi."

Tena na tena. Nilipiga pasi, nikakunja, nikamjibu bila kumtazama. Wenzangu walianza kulalamika, mmoja akasema noti hiyo inamfuata mpaka kwenye ndoto za mumewe. Dada hakuwajali. Aligundua kwamba usisubiri mvukuto ufike mwisho, ugeuze ukiwa bado una hewa, na kidole kisitikisike. Mpiga piano amezoea kugonga na kuachia. Ilibidi akizuie kidole chake kufanya kama kilivyozoea tangu utoto.

Halafu siku moja nikasimama na shuka mkononi, nasubiri. Noti ilikuwa inakwenda. Nikalikunja shuka, nikachukua jingine.

"Umesikia?"

"Si hujageuza bado."

"Nimegeuza mara nne."

Akacheka. Ilikuwa ni sauti ya kicheko cha Mama, na ndipo nikaelewa alichokwenda kukinunua dukani.

Dada alikuja kwangu alasiri moja. Kodiani mkono mmoja, supu mkono wa pili, kama alivyoagizwa. Mama alikuwa amejiandaa. Alitaka nimpake poda, nimfunge kilemba chake cha jukwaani, nimkalishe wima kwa mito. Akaniamuru niache mlango wazi ili majirani wasikie. Wakaja watatu wanne, wakasimama kizingitini wakiwa na nyuso za kumhurumia mgonjwa.

"Hicho kidude kinapumua," Mama akasema alipoona mvukuto unafunguka.

"Kinapumua, Mama."

"Basi leo tuko wawili. Anza."

Dada akaanza. Alimwanzishia chini kuliko zamani, bila kuulizwa, chini kabisa, mahali ambapo sauti ile iliyobaki ingeweza kusimama. Mama alistuka kidogo, kisha akaingia. Sijui niielezeje sauti yake siku hiyo. Ilikuwa imechakaa, lakini ilikuwa yake. Dada alimfuata kila hatua. Alipokosa pumzi katikati ya mstari, Dada alimsubiri kana kwamba wimbo uliandikwa hivyo. Jirani mmoja alifuta macho. Hata mimi nilijidanganya. Nikasema moyoni labda vita vimeisha, labda wamesameheana bila kusema.

Ikaja noti ya mwisho.

Mama akainua mkono, ule mkono wa jukwaani. Dada akabonyeza kwa kidole kilichopinda. Zikaenda pamoja. Mama alikuwa anautazama mkono wa kushoto wa Dada unavyosogea nje, nje, na mvukuto unavyofunguka, na nikaona macho yake yanang'aa. Alijua ala ile inakaribia mwisho wake. Alifungua mdomo zaidi. Mkono wa Dada ulipokaribia kunyooka, ukaanza kurudi ndani. Sauti haikumeza mate wala kushikwa na kwikwi. Ilikuwa ileile.

Uso wa Mama ulibadilika. Alielewa papo hapo, maana kwa mambo hayo hakuwa mjinga hata kidogo. Angeweza kuacha. Muuguzi alimwambia asijikaze. Nikasema, "Mama, inatosha," halafu nikamwambia Dada, "Inatosha," na hakuna aliyenigeukia. Walikuwa wanatazamana. Midomo ya Mama iligeuka rangi. Kilemba kilikuwa kinatetemeka. Kisha sauti yake ikawa hewa, kisha hata hewa ikaisha, na mdomo ukabaki wazi na mkono ukiwa bado juu.

Noti ya Dada ilikuwa inaendelea.

Aligeuza tena. Akasimama kutoka kitini bila kuiachia, akaisogelea ile mito, akainama, akatega sikio kifuani kwa Mama. Alikaa hapo kwa muda, kama anayesikiliza kweli. Halafu akasema, si kwa sauti kubwa:

"Mimi bado."

Jirani mmoja alicheka na kupiga makofi. Alidhani ni mchezo wao, na hakukosea sana.

Ndipo Dada akaachia. Mama alipopata pumzi, kitu cha kwanza alichofanya nayo ni kucheka. Alicheka bila sauti, mabega tu, machozi yakachimba mifereji kwenye poda. Kisha akakohoa mpaka nikamshika. Alipotulia alisema, "Mtoe," akageukia ukuta. Dada aliifunga kodiani mikanda yake, akaacha supu mezani, akashuka.

Nilimfuata hadi chini. Nilimwambia, "Ungemwachia tu. Mara ya mwisho."

"Yeye aliniachia lini?"

Nikapanda ngazi kurudi kwa Mama.

Mama hakuimba tena. Na hakuzungumza na Dada tena, hata Dada alipokaa pale pembeni ya kitanda akimlisha. Kila neno lilipitia kwangu. "Mwambie supu haina chumvi." "Mwambie asinipumulie usoni." Siku moja nilidhani amesinzia, akasema, "Mwambie ile noti yake ilikuwa imeshuka kidogo."

Dada alikuwa hapohapo, anakunja blanketi. Akasema, "Mwambie kodiani haiwezi kushuka. Imetengenezwa hivyo kiwandani."

"Mwambie basi aliyeshuka ni yeye."

Nilimwona Dada anauma midomo ili asicheke. Na Mama, aliyekuwa ametazama ukuta, sijui alikuwa anafanya nini na uso wake.

Alifariki asubuhi moja, mimi nikiwa namwagia maji sufuria jikoni. Dada alikuwa kazini, watu wanakunywa chai yao huku akiwapigia.

Kwenye ukumbi wa msiba kulikuwa na piano, ya zamani, na hata fundi aliitwa kuiweka sawa. Nilikuwa nimempelekea Dada kodiani, nikidhani ataitaka. Alinirudishia. "Kaa nayo wewe," akasema. "Mimi nilikuwa na kazi nayo moja tu." Bado iko kwangu, juu ya kabati. Nikiishusha kupangusa vumbi inatoa pumzi, nami huirudisha haraka.

Baada ya wasemaji kumaliza na huyo mpole wao, Dada alipiga wimbo wa Mama bila mwimbaji. Alipiga noti ya mwisho, akakanyaga pedali, akabaki ameinama. Watu walidhani amemaliza, wakaanza kukohoa na kusogeza viti. Yeye akalaza sikio kwenye ubao wa piano. Alikaa hivyo mpaka shangazi yetu akaona aibu, akaja kumgusa bega. Alipoinuka hakufunga kifuniko.

Akaja kukaa karibu yangu. Akaniuliza chini chini, "Umesikia ilipokufa?"

Nikamwambia sikusikia. Ni kweli, sikuwa naisikiliza piano. Nilikuwa nasikiliza juu yake, pale ambapo Mama alikuwa akibaki.